Mwenzangu wa Chumba Amesoma Shajara Yangu: Je, Niichome?

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nilianza kuandika shajara nikiwa kidato cha tano katika shule ya bweni, mwaka ambao baba yangu alianza kuugua, na nikaendelea kuandika hadi alipofariki, wiki chache kabla sijaripoti chuoni. Tangu nilipoanza nimejaza kaunta buku tatu. Siandiki kila siku. Huandika zaidi usiku ambao moyo umejaa, wenzangu wakiwa wamelala, kwa mwanga wa simu, kisha daftari hulirudisha chini ya godoro.

Chumbani tumepangwa wanne, ingawa kwa sababu ya kubebana, yaani kuwapa nafasi wenzetu waliokosa vyumba, mara nyingi tunalala sita. Miongoni mwao yupo mmoja ambaye tulikuwa tukipika pamoja, tukichanga fedha za unga, mchele, mafuta na sukari kila bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, linapoingia. Muhula uliopita alianza kuchelewesha mchango wake, na mara nyingine hakutoa kabisa, lakini chakula alikula na sukari ya chai ndiye aliyeimaliza. Sikumwambia kitu. Niliandika. Niliandika kwamba anakula jasho langu, kwamba ukarimu wake ni wa mdomoni, na usiku mmoja ambao hasira zilinizidi niliandika kwamba natamani afeli mitihani na kufukuzwa chuo ili chumba kipumue.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka maktaba nikamkuta ameshika daftari langu. Hakulificha. Alisoma ile sentensi kwa sauti mbele ya wenzetu wote, kisha akaniuliza kama ndivyo nilivyo, mchana nacheka naye na usiku namwombea mabaya. Tangu siku hiyo hatusemezani, na habari zimefika hadi darasani. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hakusoma hilo peke yake, kwa sababu humo yamo mambo ya ugonjwa wa baba ambayo hata mama yangu hajayasikia kutoka kwangu.

Shangazi, je, mimi ni mnafiki? Mama mdogo, ambaye nilimweleza kwa simu, amenishauri nichome madaftari yote, kwa kuwa anaamini anayeandika huzuni huikaribisha ikae. Rafiki yangu mwingine anasema nihamie kwenye simu, maana simu ina nywila. Mimi mwenyewe nimewaza kuacha kabisa, kwa sababu nimegundua kuwa mara nyingine nikimaliza kuandika ninajisikia vibaya kuliko nilivyoanza. Pia nafikiria kuomba kubadilishiwa chumba. Nielekeze.

Wako,
Msiri Asiye na Siri


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na baba, msiba ambao katika barua yako umeupa sentensi moja huku sukari ukiipa aya nzima. Nitaurudia baadaye.

Kwanza tuweke sawa suala la nani amemkosea nani, kwa sababu naona chumba kizima kimekugeuza mshtakiwa na wewe umekubali kukaa kizimbani peke yako. Mtu anayeinua godoro la mwenzake, akatoa daftari lililofungwa na kulisoma, amekosa, na anayelisoma kwa sauti mbele ya watu amekosa mara ya pili kwa makusudi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake binafsi. Sikutumi uende na Katiba mkononi kugombana kwenye korido ya hosteli. Nakukumbusha tu kwamba unachodai, yaani kuachiwa mambo yako, si deko la msichana aliyezoea chumba chake mwenyewe. Kutandika vitanda vyenu hatua mbili kutoka kimoja hadi kingine hakuondoi haki hiyo, na penye watu sita ndipo inapohitajika zaidi.

Ama kuhusu unafiki, jibu langu ni hapana, lakini hapana hiyo ina sharti. Shajara haiandiki hukumu ya mtu juu ya mwenzake. Inaandika hali ya moyo wa mwenyewe kwa saa ile aliyoshika kalamu. Inawezekana kabisa mtu akamkasirikia rafiki yake saa sita usiku na akacheka naye kwa dhati asubuhi, na vyote viwili vikawa kweli. Mwenzako alichukua sentensi moja ya usiku mmoja akaifanya kuwa msimamo wako wa mwaka mzima, na hilo ni kosa la usomaji ambalo ninyi walimu watarajiwa mnafundishwa kuliepuka.

Sharti ni hili. Kwa maelezo yako mwenyewe, muhula mzima mchango ulikuwa unachelewa, na muhula mzima hukusema neno. Uliandika, ukapata nafuu kidogo, ukalala. Kesho yake sukari ikaisha tena, ukaandika tena kwa maneno makali zaidi. Kuandika kulikupunguzia hasira kiasi cha kukuwezesha kuvumilia, lakini tatizo lenyewe halikuguswa, na mwenzako hakupata nafasi hata moja ya kujieleza au kujirekebisha kabla ya kukutana na maneno yale yakiwa yameiva. Hii ndiyo hatari ya shajara isiyosemwa sana na wanaoisifu. Kwa mtu mpole, anayeogopa kugombana, daftari linaweza kuwa mahali pa kujificha asiseme linalopaswa kusemwa. Tangu sasa, lalamiko la aina moja kuhusu mtu mmoja likijitokeza katika kurasa zako kwa mara ya tatu, lichukue kama taarifa kwamba wakati wa kuliandika umekwisha na umefika wakati wa kumwita mhusika mkazungumza.

Mwite, basi. Usimwite chumbani mbele ya wale waliosikia, wala usimwandikie ujumbe wa simu, ambao naamini kufikia jioni utakuwa umesomwa na nusu ya darasa. Tafuteni kivuli nje ya kantini, mkiwa wawili, umwambie kwa lugha ya kawaida: “Dada, niliandika nikiwa na hasira kwamba natamani ufukuzwe chuo. Sikutakii hayo, na najua yalikuumiza, nisamehe. Lakini daftari lile halikuwa lako, na ulivyolisoma mbele ya watu umeniumiza mimi pia, hasa mambo ya baba yangu. Naomba hayo yasitoke tena mdomoni mwako.” Omba radhi kwa tamko lenyewe, usiombe radhi kwa kuandika. Kisha, akishapumua, mwulize habari ya mchango. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipojiuliza kwa nini alianza kuchelewa. Unajua vizuri kwamba si wanafunzi wote wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kiwango kimoja, na wapo wasioupata kabisa ambao siku bumu linapoingia hutabasamu tu na wenzao. Huenda si hivyo kwake, huenda ni uzembe mtupu. Vyovyote iwavyo, utajua kwa kumwuliza. Na mkishindwa kuafikiana, kila mtu apike chake. Urafiki mwingi wa hosteli umeokolewa na sufuria mbili.

Sasa nije kwenye hoja yako ya kuacha, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inatokana na jambo ulilolichunguza mwenyewe: kwamba baada ya kuandika, mara nyingine unajisikia vibaya zaidi. Hujakosea. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo. Wanafunzi hao waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito, na waliobaki waliandika kuhusu tukio lililowaumiza maishani, wengine wakitaja tukio lenyewe tu bila hisia, wengine hisia tu bila kueleza kilichotokea, na wengine vyote viwili kwa pamoja. Waliounganisha tukio na hisia walitoka katika zoezi wakiwa na huzuni zaidi, hata shinikizo la damu lao lilikuwa limepanda. Lakini katika miezi sita iliyofuata ndio waliokwenda mara chache zaidi katika kituo cha afya cha chuo. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na zimeonyesha kuwa manufaa ya kuandika namna hii, kwa wastani, ni madogo na hayampati kila mtu, kwa hiyo sitakuambia kwamba kalamu ni dawa. Ninachokuambia ni kwamba kujisikia vibaya usiku ule ule si ushahidi kwamba kuandika kunakudhuru.

Kinachostahili kuangaliwa ni mwenendo wa maandishi kutoka siku moja hadi nyingine. Pennebaker na wenzake walipokuja kuchambua maneno yaliyotumiwa na watu walioandika, waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao kadiri siku zilivyokwenda waliongeza maneno ya kutafuta sababu na ya kutambua jambo, kama vile “kwa sababu”, “sasa naelewa”, “nimegundua”. Fungua kurasa zako za muhula uliopita usome jinsi ulivyoandika kuhusu mwenzako. Kama ukurasa wa mwisho unasema lile lile la ukurasa wa kwanza, ila kwa matusi mapya, basi ulikuwa unazunguka mahali pamoja, na hapo uchovu ulioupata unaeleweka.

Wewe ni mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo nyenzo ya kujinasua unayo tayari. Ulipokwenda mazoezi ya kufundisha uliandika maandalio ya somo, na chini ya kila andalio palikuwa na nafasi ya tathmini: wanafunzi wameelewa kwa kiasi gani, mwalimu amefundishaje, na nini kirekebishwe katika kipindi kijacho. Wanafunzi wengi wa ualimu huijaza sehemu hiyo haraka haraka, usiku mmoja kabla msimamizi hajafika, kwa kuandika kwamba somo lilieleweka vizuri. Lakini aliyeipanga alikuwa na akili. Andika usiku wako kwa mtindo huo: kwanza kilichotokea, kwa ukweli wake, nani alisema nini, kisha ulivyojisikia, kisha unachodhani ndicho kilichosababisha, ikiwemo sehemu yako mwenyewe, na mwisho, kama lipo, jambo moja utakalolifanya kesho. Siku ambayo hakuna la kufanya, usijilazimishe kulibuni. Dakika 15 au 20 zinatosha, na baada ya hapo funga daftari, hata kama sentensi haijakamilika, kwa sababu mwanafunzi mwenye mhadhara wa saa moja asubuhi hana ruhusa ya kulia hadi saa tisa usiku.

Jambo jingine ni kwamba umesema huandika zaidi moyo unapojaa. Hapo ndipo shajara nyingi za wanafunzi zinapopotoka, zikawa rekodi ya mikosi. Mtu asiyekujua akizisoma kaunta buku zako tatu ataamini kwamba hujacheka tangu ufike chuoni, na ubaya ni kwamba baada ya miaka 10 mtu huyo asiyekujua atakuwa wewe mwenyewe. Kumbukumbu ya mtu haitunzi siku za kawaida. Andika basi na Jumanne isiyo na kisa: sahani ya wali maharage kantini ilikuwa shilingi ngapi, mlijadili nini kwenye semina hadi mkapitiliza muda, mvua ilipowakuta mkitoka maktaba mlijikinga wapi, mwanafunzi gani wa kidato cha pili alikuuliza swali ukakosa jibu ulipokuwa mazoezini. Andika fedha zako pia. Wanafunzi wengi hawajui bumu lao lilikoishia. Ukiwa na mistari miwili ya matumizi kila jioni utalijua, na mazungumzo ya mchango wa sukari yatakuwa na tarakimu badala ya hasira. Kwa maoni yangu, ukurasa mmoja wa mambo madogo ya namna hii utakuwa na thamani kwako kuliko kurasa tano za kuuliza kwa nini watu wako hivi.

Kuhusu kuchoma, usichome. Namheshimu mama mdogo na sidharau nia yake, kwani amekuona ukiumia na anatafuta cha kuondoa. Lakini huzuni yako haikuletwa na daftari. Ililetwa na kifo cha mzazi, na ingekuwapo hata kama ungekuwa hujui kusoma. Katika madaftari yale mna siku za mwisho za baba yako kama ulivyoziona mwenyewe ukiwa na miaka 19 au 20: alisema nini, alikula nini, alicheka na nani. Ndugu zako wadogo, kama unao, siku moja watataka kujua, na wewe utakuwa umeshasahau nusu. Kitakachochomwa leo kwa sababu ya aibu ya mwezi mmoja hakitarudi. Ukiona kurasa zile za mwenzako zinakukera, zichane hizo peke yake. Ni haki yako.

Lakini ulinzi ubadilishe, kwa sababu chini ya godoro ni mahali pa kwanza ambapo kila aliyesoma bweni hutazama. Kaunta buku zilizojaa zisikae hosteli kabisa. Ukienda likizo zipeleke nyumbani, uzifunge kwenye mfuko na kuziweka ndani ya tranka lako la shule lenye kufuli, ufunguo ukae nawe, na mama mdogo asielezwe ziko wapi. Hosteli ubaki na daftari moja jembamba la kawaida, la kurasa chache, linaloingia kwenye begi unalokwenda nalo darasani. Likipotea au likisomwa, litakalopotea ni wiki kadhaa na si miaka. Majina ya watu yaandike kwa herufi moja, na mambo ya siri za wengine, mathalani ugonjwa, mimba au ugomvi wa wazazi wao, usiyaandike kwa namna itakayowatambulisha, kwa kuwa siri hizo hukupewa uziweke kwenye karatasi.

Rafiki yako anayependekeza simu ana hoja, ila ameisimamisha kwenye nywila peke yake. Simu ya mwanafunzi huazimwa kupiga, huachwa kwa fundi akiwa na nywila yake ili abadilishe kioo, huporwa stendi, na huzima katikati ya ukurasa umeme ukikatika. Isitoshe, programu nyingi za kuandikia hutuma nakala kwenye akaunti yako ya mtandaoni, na kama akaunti hiyo uliwahi kuifungua kwenye kompyuta ya maabara au ya mwenzako ukasahau kuifunga, umeliacha daftari mezani bila kujua. Ukipenda simu, tumia programu inayodai nywila yake yenyewe, tofauti na ile ya kufungulia simu, na ujue nakala zinakwenda wapi. Mimi ningebaki na karatasi, kwa sababu nyingine pia: simu hiyo hiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa kikundi cha darasa wakati unajaribu kufikiri.

Kama ulisoma madrasa na mkono wako bado unakumbuka, unaweza kuandika Kiswahili chako kwa herufi za Kiarabu kama walivyofanya wazee wa pwani katika barua na hesabu zao. Wachache chumbani watakusoma. Usiitegemee hila hiyo kupita kiasi, hata hivyo. Mwingereza Samuel Pepys aliandika shajara yake kuanzia 1660 hadi 1669 kwa hati ya mkato ambayo wengi hawakuweza kuisoma, na katika karne ya 19 ilifumbuliwa na kuchapishwa, pamoja na mambo ambayo nina hakika hakukusudia majirani wayajue.

Sasa nirudi kwa baba. Umesema humo mna mambo ya ugonjwa wake ambayo hata mama hajayasikia kutoka kwako. Sikuambii umpe mama daftari asome. Mambo mengine yaliandikwa yasomwe na mwandishi pekee. Lakini mama naye anauguza msiba ule ule, na pengine naye ana yake ambayo hajamwambia mtu. Ukienda likizo chagua jambo moja tu kati ya yale uliyoyaandika, lililo jepesi, umsimulie kwa mdomo, uone atakavyolipokea. Na kama unapoandika kuhusu baba unarudi kwenye picha ile ile ya hospitalini kila mara, ukakosa usingizi usiku baada ya usiku au ukashindwa kuhudhuria vipindi, weka kalamu chini kwa muda juu ya suala hilo na uende kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu ukaomba huduma ya unasihi. Ofisi hizo wanafunzi huzikumbuka wakati wa matatizo ya vyumba na mikopo tu, na kufiwa na mzazi muda mfupi kabla ya kuanza mwaka wa kwanza ni sababu ya kutosha ya kugonga mlango huo hata baada ya mwaka mzima.

Ukiwa hapo ofisini unaweza pia kuuliza habari ya kubadilishiwa chumba, ila nakushauri usiwasilishe ombi kabla hujazungumza na mwenzako. Ukihama sasa, habari itakayobaki chumbani ni ile aliyoisimulia yeye. Zungumzeni, akikataa kukusikiliza, au akiendelea kuyatangaza mambo ya baba yako, hapo peleka ombi lako kwa maandishi, ueleze kwamba vitu vyako binafsi vimepekuliwa na kusomwa hadharani, na ukumbuke kubaki na nakala.